Hakimu Anacheza

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ameondoka alfajiri, na masanduku mawili na mto wake mwenyewe. Haamini mito ya watu. Anakwenda kutolewa mtoto wa jicho, macho yote mawili, kisha atakaa kwa mdogo wake mpaka daktari aridhike. Majuma matatu na ushei. Mungu amponye.

Kabla hajapanda gari alituita sebuleni: mimi, mke wangu na shemeji. Shemeji ni mdogo wa mke wangu. Kinyozi. Ananyolea kibarazani kwa jirani; kiti kimoja, kioo kimoja, maneno elfu. Mama akasema amechoka na kelele zetu za kugombea chumba cha mbele. Ni kile chenye mlango wa barabarani, ambacho tangu baba mkwe atutoke kimejaa magazeti ya zamani tu. Shemeji anakitaka anyolee watu kwa heshima. Mimi nakitaka nifungue duka la samaki wa mapambo. Ni kweli mimi ni fundi saa. Lakini siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, na mwenye akili hutazama mbele.

Shemeji akadakia kwamba nilishatazama mbele nikafuga sungura, nikatazama mbele tena nikapanda uyoga. Sungura walikuwa bahati mbaya. Uyoga ulikuwa hali ya hewa.

Hukumu ya mama: anayetaka kuuza samaki na aonyeshe kwanza kama anaweza kumtunza mmoja. Ameniachia Hakimu. Akirudi akamkuta mzima, chumba changu. Akimkuta na kasoro hata ya unyoya, chumba cha shemeji. Nilitaka kumkumbusha kwamba samaki hana unyoya, nikaona si wakati wake.

Hakimu ni samaki mwekundu wa miaka tisa, anaishi peke yake kwenye tangi la kioo sebuleni. Marehemu baba mkwe ndiye aliyemnunua na ndiye aliyempa jina. Anakutazama, anafungua mdomo, anaufunga, hasemi kitu, na wewe unajiona una hatia. Mama humsalimia kila asubuhi kabla hajamsalimia binadamu yeyote.

Samaki mmoja! Majuma matatu! Nimeshapima madirisha ya chumba cha mbele kwa ajili ya mapazia.

Jumatano, 5 Machi

Biashara haingoji. Nimekwenda nyuma ya soko kwa Mzee wa Ndoo, anayeuza samaki wadogo wa mapambo kutoka kwenye ndoo ya rangi. Nimenunua sita wa fedha kwa bei ya watatu! Mmoja alikuwa ameegemea ubavu. Mzee wa Ndoo akanieleza kwamba huyo ni mpole.

Mke wangu alipowaona akasema niwaweke kwenye beseni lao peke yao, wiki mbili tatu, mpaka tujue wana nini. Yeye ni mtaalamu wa maabara pale zahanati. Anashinda anatazama damu, mkojo na vitu vingine ambavyo nimemwomba asivitaje mezani, kwa hiyo kila mahali anaona maradhi. Nikamjibu kwamba mgeni hawekwi stoo. Na Hakimu naye amekaa mjane miaka tisa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikawamimina wote sita tangini, na maji yao. Hakimu akafungua mdomo, akaufunga. Amewapokea vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi

Ajabu! Hakimu anacheza!

Nilikuwa natengeneza saa ya ukutani, redio ikiwa wazi, muziki unakwenda. Mara namwona anajitupa ubavu, anajisugua kwenye lile jiwe la tangini, anageuka, anajisugua tena. Nikaongeza sauti. Akaongeza mwendo! Wale wadogo nao wakaanza, hata Mpole. Miaka tisa watu wamekaa na kipaji hiki ndani ya nyumba bila kukijua, ikabidi nije mimi.

Nimemwita shemeji aone. Akasimama na wembe wake mkononi, akatazama kidogo, akasema huyo hachezi, huyo anajikuna. Wivu ni kitu kibaya. Nimeanza kufikiria mabenchi ya watazamaji chumba cha mbele. Safu mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Hakimu ana madoa meupe.

Nimeyahesabu kwa ile lenzi yangu ya jichoni ya kutengenezea saa. Kumi na moja. Madogo, meupe, mviringo, kama chembe za chumvi. Manne kwenye pezi la mkia, saba mgongoni. Nani ana kitu cheupe katika nyumba hii? Nani ana kopo zima la kitu cheupe, na kila siku anawapaka watu shingoni?

Poda!

Shemeji alipokwenda kuoga nimepima kopo lake kwa rula. Poda imeshuka nusu sentimita tangu asubuhi. Alipotoka bafuni nikamweleza kwa utulivu, mbele ya jirani, kwamba namjua, kwamba anajua kwamba namjua, na kwamba samaki wa marehemu baba yake si mahali pa hila. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza poda inagandaje juu ya samaki aliye ndani ya maji.

Swali zuri. Limeninyima raha jioni nzima.

Jumanne, 11 Machi

Madoa arobaini na tatu. Nimebandika uzi mwembamba mlangoni mwa sebule ili nimnase shemeji akiingia. Nimejinasa mwenyewe mara mbili.

Mchana nikaamua kumfuta Hakimu. Kitambaa laini, maji safi, dakika moja tu. Mtu yeyote angefanya hivyo. Nilimshika kwa mikono miwili. Samaki ana utelezi ambao kwenye saa haupo. Alitoka mikononi mwangu, akapita juu ya meza, akatua kwenye beseni la nguo za mke wangu, na beseni lilikuwa na maji, Mungu mkubwa. Lakini lilikuwa na nguo pia. Nimemtafuta kati ya soksi na foronya huku nikimwita kwa jina. Nilipomrudisha tangini hakufungua mdomo. Alinigeuzia mgongo.

Doa hata moja halikutoka. Kwa hiyo si poda. Sijamwambia shemeji.

Mke wangu alipouliza kwa nini foronya zina magamba nikasema sijui. Akasema kama samaki anaumwa niseme, atamtazama. Nikasema haumwi. Akaniangalia kama Hakimu anavyoniangalia. Akasema mficha maradhi, kifo humwumbua, akaenda kuanika nguo.

Alhamisi, 13 Machi

USHINDI!

Madoa yametoweka! Sijabaki na hata moja! Yaani Hakimu hajabaki nalo. Nimemkagua kwa lenzi kutoka mdomoni mpaka mkiani, mwekundu mtupu. Na dawa ni yangu mwenyewe. Jana niliponda vitunguu saumu nikavifunga kwenye kitambaa, nikakining'iniza juu ya tangi kisiguse maji, ili ule ukali ushuke wenyewe. Sebule nzima inanuka, lakini tiba ni tiba.

Nimempigia mama simu. Nikamwambia Hakimu hajawahi kung'aa hivi. Mama akafurahi sana. Amefungwa bandeji jicho moja, anasema kinachomsumbua si giza, ni kukosa mtu wa kumsalimia asubuhi. Atarudi Jumatano ya tarehe ishirini na sita.

Kutoka hapo moja kwa moja mpaka kwa seremala. Nimeagiza kibao: SAMAKI WA MAPAMBO. Herufi za bluu. Nikiwa narudi nilimpungia shemeji mkono kibarazani, mkono wa mtu mwenye chumba.

Jumamosi, 15 Machi

Yamerudi.

Si arobaini na tatu. Hayahesabiki. Hakimu ni kama aliyenyunyiziwa unga. Wale wadogo pia. Wawili wamekufa, Mpole akiwa wa kwanza. Hakimu amelala chini, pembeni ya jiwe, anahema haraka haraka. Nimewasha redio, kipindi kile anachokipenda. Hachezi.

Nimebadilisha vitunguu. Nimeongeza vitunguu. Hakuna.

Nimefikiria mambo mengi ya aibu na nitayaandika kwa kuwa daftari hili halina mdomo. Kwanza nilifikiria kupaka kioo cha tangi rangi ya bluu. Kisha nilifikiria kuondoa balbu ya sebuleni. Kisha nilijikuta naomba, Mungu nisamehe, macho ya mama yapone polepole kidogo. Mama wa watu! Mwanamke ambaye siku ya harusi yangu alinipa saa ya marehemu mumewe kwa sababu tu nilisema inachelewa. Nimetubu palepale nikiwa nimesimama na brashi mkononi.

Nimekaa mbele ya tangi mpaka chai ikapoa. Nimegundua kwamba chumba sikitaki. Namtaka Hakimu.

Jumapili, 16 Machi

Nimekiri kwa mke wangu. Yote: vitunguu, foronya, simu kwa mama, rangi ya bluu. Nilidhani atafoka. Hakufoka. Alikunja mikono ya gauni, akamshika Hakimu mara moja tu (hakuruka!), akampitishia kipande cha kioo ubavuni taratibu, akachukua ute kidogo tu, akamrudisha. Akaniambia nivae viatu.

Zahanati imefungwa Jumapili lakini ana funguo. Miaka sita ya ndoa, sijawahi kuingia maabara yake. Chumba kidogo, safi, meza nyeupe, kiti cha kuzunguka chenye mto aliounganisha mwenyewe kwa vipande vya gauni lake la zamani. Akaweka kioo chini ya hadubini, akazungusha, akazungusha, akatabasamu. Akaniambia niangalie.

Nimeona!

Duara kubwa limejaa lenzi yote. Liko hai! Linabiringika taratibu, kama mtu mnene anayetafuta upande mzuri wa kitanda. Mwili mzima umejaa vinywele vidogo vidogo, na vyote vinapiga kasia kwa pamoja. Ndani kuna kitu kilichopinda kama mwezi mchanga. Mke wangu akasema hicho ndicho kiini chake. Akasema huyo ni mnyama wa chembe hai moja tu. Hana kichwa, hana tumbo, hana ubongo, na bado amenishinda akili majuma mawili.

Nikamwomba anieleze, naye akanieleza kwa furaha ambayo sijaiona usoni kwake tangu lini. Akasema mimi ni mtu wa kwanza katika ukoo mzima kumwuliza anachokiona humo. Nimeona haya. Basi ndivyo ilivyo: mdudu anachimba chini ya ngozi ya samaki, anakula, ananenepa. Hilo ndilo doa jeupe. Humo ndani dawa haimfikii. Akishiba anatoka mwenyewe, anadondoka chini ya tangi, anajifunika, anaanza kujigawa. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne, wanne wanane, mpaka mamia. Kisha watoto wanatoka, wadogo hata jicho haliwaoni, wanaogelea majini wakitafuta samaki. Wasipompata kwa siku mbili hivi, wanakufa.

Kwa hiyo Alhamisi niliyoshangilia, madoa hayakuwa yamepona. Yalikuwa yamekwenda kuzaa! Nilikuwa nimeitangazia familia nzima uzazi wa adui.

Na ile ngoma? Nikauliza. Akasema kwa upole kwamba anajikuna, mume wangu. Anawashwa.

Nikauliza walitoka wapi. Hakuwa na haja ya kusema. Niliwaona wote sita wakimiminika, na maji yao.

Nimerudi kwenye lenzi mara nne. Mungu ana kazi! Tumetembea mpaka nyumbani tumeshikana mikono, naye njia nzima ananisimulia kuhusu jamaa wengine wa mdudu huyo, wenye mikia. Samaki wetu yu mahututi, na mimi nimekuwa na Jumapili nzuri kuliko zote za mwaka huu.

Jumatatu, 17 Machi

Dawa, kwa maelezo ya mke wangu: kuyapasha maji moto polepole, ili wadudu wanenepe upesi na watoke upesi. Chumvi ya mawe, kwa kipimo, iwaue watoto wakiwa wanaogelea. Na kila siku kufyonza maji ya chini kwa mpira na kuweka mapya, ili wanaojigawa chini tuwatupe kabla hawajawa mamia.

Joto linatoka wapi? Balbu kubwa. Nani ana balbu kubwa? Nne, zimezunguka kioo chake?

Nilizunguka nyumba mara tatu kabla ya kwenda kibarazani. Alikuwa na mteja, sabuni nusu uso. Nikamwomba radhi kuhusu poda mbele ya huyo mteja, maana nilimtuhumu mbele ya jirani. Nikamwambia Hakimu anaumwa, na chumba ni chake, nimeshindwa, ila aniazime balbu. Nilijiandaa kuchekwa.

Shemeji aliweka wembe chini. Akasema huyo samaki ni wa baba yake. Akaanza kuzifungua balbu palepale, na mteja akabaki na ndevu upande mmoja akiuliza kama arudi kesho. Balbu nne sasa zinawaka kuzunguka tangi, na shemeji amelifunga taulo zake za moto pande zote. Hakimu anafanana na mteja anayengoja kunyolewa.

Mke wangu amepima joto kwa kipimajoto cha maabara. Amesema kimechemshwa kabla, na kitachemshwa baadaye.

Jumatano, 19 Machi

Zamu. Shemeji asubuhi, mimi jioni. Kufyonza maji kwa mpira kuna ufundi: unavuta pumzi, maji yanakuja, unatoa mdomo. Mimi hatua ya tatu huichelewa. Nimekunywa maji ya tangi mara tatu, na sasa najua kipimo cha chumvi bila kijiko. Mke wangu amenihakikishia kwamba wadudu hao hawana haja na binadamu. Shemeji akasema hata wangekuwa nayo, wangeonja wakarudi.

Madoa yamepungua. Nilitaka kushangilia, mke wangu akaninyooshea kidole. Nimeshangilia chooni, bila sauti.

Sikuandika jana kwamba shemeji amenisimulia jinsi baba yake alivyomleta Hakimu nyumbani ndani ya chupa ya jemu, akaificha chini ya koti ili mama asijue bei. Mama akajua. Mama hujua siku zote.

Jumamosi, 22 Machi

Ngozi safi! Mke wangu amechukua ute, amekwenda maabara, amerudi. Hakuna kitu. Akasema tuendelee na dawa mpaka mama arudi, maana kutoonekana si kwisha. Tunaendelea. Wale wadogo wanne wanakimbizana. Hakimu amekula. Amefungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

Nakitaka tena kile chumba.

Jumatano, 26 Machi

Mama amerudi saa nane mchana, miwani myeusi, mto kwapani. Hatukuambiwa kukaa. Ameenda moja kwa moja mpaka kwenye tangi, akavua miwani, akainama.

Nilisikia saa zangu zote ukutani. Shemeji alikuwa amenishika mkono na hakujua.

Kisha mama akasema: “Kumbe ni mwekundu hivi?”

Miaka minne hajaiona rangi yake. Alikuwa anasalimia kivuli tu, akitegemea kumbukumbu. Akasema baba yenu aliniambia ni mwekundu kama chungu kipya, nami nilisahau. Akaanza kulia, mke wangu akalia, shemeji akasema ana poda machoni. Mimi nililia waziwazi, sina cha kuficha.

Baadaye alijipangusa, akageuza yale macho mapya kwetu. Loo! Hayana huruma! Akaona utando wa buibui darini, akaona kifungo nilichoshonea uzi wa rangi nyingine. Akauliza hawa wanne wa fedha ni nani na wale wawili wako wapi. Akachovya kidole tangini, akaonja, akauliza chumvi ni ya nini. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

Kumbe binti yake alikuwa anampigia simu kila siku! Alijua vitunguu, alijua foronya, alijua mpaka nilivyoshangilia chooni. Hukumu yake ikawa hivi: aliyemwumiza Hakimu ni mimi, na aliyekwenda kumwomba shemeji radhi mbele ya watu ni mimi pia. Chumba kigawanywe. Upande wa dirisha samaki, upande wa kioo kunyoa. Na mke wangu atapita kila wiki kukagua, maana ndiye peke yake mwenye akili.

Mke wangu amebandika sheria ukutani kwa mwandiko wake wa maabara: Samaki mgeni, siku ishirini na moja. Ndoo yake. Chujio lake. Maji yake. Nimeweka sahihi mbele ya familia nzima.

Jumatatu, 31 Machi

Tumefungua! Magazeti tumeyatoa, mstari wa chaki tumeupiga katikati, Hakimu tumemhamishia dirishani. Mama anaketi karibu yake na kusoma vibao vyote vya ng'ambo ya barabara kwa sauti, kimoja kimoja, kwa sababu anaweza.

Seremala hakukubali kupoteza kibao, kwa hiyo ameongeza maneno pembeni. Sasa kinasomeka SAMAKI WA MAPAMBO NA KUNYOA. Mzee mmoja ameingia kuuliza kumnyoa samaki ni bei gani. Lakini wanakuja! Wateja wa shemeji wanatulia kitini wakimtazama Hakimu, hawatikisi shingo, na shemeji hajamkata mtu tangu asubuhi. Wawili wamenunua samaki wa fedha wakiwa na sabuni masikioni.

Jumatano, 2 Aprili

Stoo haiwezi kuwa tupu. Nimekwenda kwa Mzee wa Ndoo nikamnunua mmoja mweusi, mkia kama shela. Bei ya kutupa! Mzee wa Ndoo amesema ni mpole sana.

Na sasa atakayesoma daftari hili aone mtu aliyefunzwa na dunia. Sikummimina! Ndoo yake: tayari, nyekundu, na kifuniko. Chujio lake: tayari, jipya. Nimeandika siku kwenye ndoo kwa chaki, moja mpaka ishirini na moja, nitakuwa nafuta. Mke wangu amekagua akaniambia anajivunia mimi. Nimetembea chumba kizima na neno hilo.

Kuhusu maji, nimetumia akili. Jioni nilimkuta mgeni amejikunyata pembeni, mpweke, maji hayajui. Nikachota kikombe kutoka kwa Hakimu nikamwekea, azoee harufu ya nyumba. Na kwa kuwa tangi lilipungua, nikachota kikombe kutoka kwa mgeni nikamrudishia Hakimu. Samaki hawajagusana hata kidogo. Maji nimeyaangalia kwa lenzi kabla ya kuyamimina: safi kama machozi, hakuna doa hata moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku njema kupita kiasi! Wateja kumi na mmoja kabla ya saa sita. Mama amesoma gazeti zima bila miwani. Mgeni bado yuko kwenye ndoo yake, sheria ni sheria, zimebaki siku kumi na nane.

Na Hakimu! Tangu ile siku ya maabara nilikuwa sijawasha redio karibu naye, kwa heshima. Leo shemeji aliiwasha kwa ajili ya mteja, muziki ukaanza, na mara tu namwona anajitupa ubavu, anajisugua kwenye jiwe, anageuka, anajisugua tena! Mara ile alikuwa anajikuna, sikatai, alikuwa mgonjwa. Lakini leo ni mzima, amepimwa, ana cheti cha mke wangu. Hii ni ngoma yenyewe.

Mke wangu yuko zahanati mpaka jioni. Sitampigia simu, nataka aje kujionea. Nimeshampelekea seremala vipimo vya mabenchi. Safu mbili.